Ulinzi wa Bidhaa Siku ya Soko: Maneno kwa Wafanyabiashara wa Bura



Siku ya soko mali hutoka ndani ikakaa uwanjani. Kitambaa kilichokuwa dukani nyuma ya kufuli hutandazwa juu ya turubai. Simu, saa, manukato na hereni hupangwa mezani, pale ambapo mkono wa kila mpita njia unafika. Ndivyo biashara ilivyo, kwa sababu mteja asiposhika hanunui. Mwizi naye yumo katika umati huo huo, na mara nyingi hana haraka. Hufika mapema, akatazama ni nani yuko peke yake, ni nani anahesabu noti hadharani, na ni nani huacha meza kwa mtoto.

Huko Marekani kuna maonyesho ambako wauzaji wa sarafu za kale hukodi meza ukumbini kwa siku mbili tatu. Sarafu moja yaweza kuwa na bei ya ng'ombe kadhaa na ikafichika kwenye kiganja. Hata riale ya fedha ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780 ambayo mafundi wa Pembe ya Afrika waliiyeyusha kuwa bangili na mikufu, huuzwa huko. Wauzaji hao wanajua kwamba hatari kubwa huanza wakishafunga meza. Ukumbini kuna walinzi, kwa hiyo mwizi husubiri nje, akalifuata gari mpaka mwenyewe asimame kula au kutia mafuta. Mkoba ukiachwa garini hata dakika tano, umekwenda.

Soko la Bura halina ukumbi wala kamera, lakini saa za hatari zinafanana. Ya kwanza ni asubuhi wakati wa kushusha mizigo, kabla majirani hawajafika. Ya pili ni adhuhuri. Adhana ikilia, nusu ya soko huelekea msikitini na bidhaa hubaki chini ya shuka. Shuka huficha bidhaa. Haimzuii mtu kuziinua. Wauzaji wa safu moja wanaweza kupangana: akina mama wawili wabaki wakitazama meza za wote, kisha nao wapokewe. Mtoto wa miaka minane asiachiwe kazi hiyo. Akiulizwa bei na watu watatu kwa mpigo, huku mmoja akidondosha sarafu makusudi, atafanya nini?

Ya tatu ni jioni, ambapo muuzaji amechoka, mfuko umejaa, na bodaboda anapiga honi. Mtu asitangaze njia atakayopita wala saa ya kuondoka, na anayekwenda mbali, iwe Garissa au Masalani, asafiri na wenzake.

Kuhusu pesa, simu imepunguza mzigo. Kwa sasa M-Pesa hupokea hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na hiyo inatosha mbuzi wengi. Lakini ujumbe wa uongo upo. Kabla kamba ya mbuzi haijaachiliwa, mwenye mbuzi atazame salio lake mwenyewe, asitosheke na ujumbe anaoonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi. Asiyejua kusoma amtafute mtu wa nyumbani kwake. Namba ya siri haipewi dalali, hata awe dalali wa miaka 20.

Bidhaa ambayo mwenyewe hawezi kuitambua ni vigumu kurudishwa. Muuzaji wa simu akibonyeza *#06# huona namba ya kila simu, na kuiandika daftarini ni kazi ya dakika moja. Muuzaji wa nguo ahesabu vipande asubuhi na jioni. Asiyehesabu hugundua wizi baada ya wiki, au hagundui kabisa. Kwa mifugo, chapa na alama ya sikio ni ushahidi ambao wazee waliuanza kabla ya daftari. Kibali cha kusafirisha mifugo nacho, ambacho wengi hukiona kama usumbufu, huonyesha wanyama wametoka wapi na ni wa nani. Gari lililobeba mbuzi usiku bila karatasi ni la kuulizwa.

Sheria haichezi hapa. Chini ya Kanuni ya Adhabu, sura ya 63, wizi wa kawaida una kifungo cha hadi miaka 3. Wizi wa mifugo, akiwemo ngamia, ng'ombe, kondoo na mbuzi, ni hadi miaka 14. Na anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, naye ni hadi miaka 14. Yaani mnunuzi wa simu ya wizi anaweza kufungwa muda mrefu kuliko aliyeichomoa mezani. Bei ikiwa nusu ya bei ya soko na muuzaji hataki kutaja jina, mnunuzi ameshapewa onyo la kutosha.

Mwizi akikamatwa sokoni, fimbo na mawe hutafutwa haraka. Hilo ni kosa, na mara nyingine anayepigwa ni mchungaji mgeni aliyeokota kamba isiyo yake. Akabidhiwe polisi, ambao kikatiba wanatakiwa kumfikisha kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti iwapo muda huo umeangukia siku ambayo korti haikai. Mwenye mali aandikishe habari katika kitabu cha matukio na aondoke na namba yake, kwa kuwa kesi bila namba hupotea kama mbuzi. Simu ya dharura ya polisi ni 999 au 112. Chifu na wazee wa Nyumba Kumi waarifiwe siku hiyo hiyo, kabla mifugo haijavuka kwenda soko lingine.