Hewa, Mafuta na Joto: Jinsi Injini Inavyoongezwa Nguvu

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nangwa)



Wanafunzi wa kidato cha tatu waliniletea maswali mawili. La kwanza, magari ya mashindano yanaongezwaje nguvu? La pili, je, fundi wa kwetu anaweza kuyaongeza nguvu magari ya hapa vivyo hivyo? Nimekuwa makanika kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu yote mawili. Lakini la pili litanilazimu kusema jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu.

Tuanze na hewa. Petroli na dizeli haviwaki bila hewa, na kila kiasi cha mafuta kina kiasi chake cha hewa. Hapa Nangwa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa yetu ni kati ya asilimia 80 na 85 ya ule wa Tanga. Gari la kawaida likitoka Tanga mpaka hapa huwa limeacha njiani kama sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Halijaharibika. Limekosa pumzi tu, na kila aliyewahi kupanda Mlima Hanang anaielewa hali hiyo.

Dawa yake ni kuishindilia injini hewa kwa nguvu. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni supachaja, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe. Ukikanyaga mafuta, inaitika papo hapo. Lakini nayo hula sehemu ya nguvu za injini. Ukitaka kuirekebisha unabadilisha puli: puli yake ikiwa ndogo zaidi, pampu huzunguka mbio zaidi. Njia ya pili ni ile ambayo mafundi wetu huiita tabo. Alfred Büchi wa Uswisi aliipatia hataza mwaka 1905. Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha feni, na feni nyingine iliyo kwenye mtaimbo huohuo husukuma hewa ndani. Tabo nyingi zina mlango mdogo unaopitisha moshi kando hewa ikifika kipimo. Ukikaza springi ya mlango huo, kipimo hupanda. Kwenye magari ya siku hizi kompyuta ndiyo inayouamuru.

Waliothibitisha faida yake walikwenda mlimani. Mwaka 1918 mhandisi Mmarekani, Sanford Moss, alipandisha injini ya ndege kwenye mlima Pikes Peak, wenye urefu wa mita 4,300 hivi. Chini kabisa injini ile ilitoa nguvu za farasi 350. Kule juu ilitoa 230. Alipoifungia tabo, ilitoa 356.

Sasa mtauliza: kama ni hivyo, kwa nini tusikaze springi mpaka mwisho? Jibu ni joto. Shika pampu ya baiskeli unapojaza upepo, utaona jinsi inavyopata moto. Hewa inayoshindiliwa kwenye injini ni hivyohivyo, na ndiyo maana hupitishwa kwenye rejeta yake ipoe. Ikiingia na joto kubwa, petroli huwaka kabla ya wakati wake, injini hugonga, na pistoni hutoboka. Kwenye dizeli hatari kubwa ni kuongeza mafuta kuliko hewa iliyopo: moshi huwa mweusi, na joto la moshi huo hupanda mpaka likayeyusha vyuma.

Mfano mzuri ni Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na zamani yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Nairobi iko juu karibu kama sisi. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda kwa Toyota Celica yenye tabo. Gari hilo lilishinda tena mwaka 1985 likiendeshwa na Juha Kankkunen, na mwaka 1986 Waldegård akalirudisha mbele. Halikuwa na nguvu kupita yote. Audi na Peugeot walikuwa na magari yenye kuendesha magurudumu yote manne. Hata Lancia yenye supachaja ya mkanda, iliyoendeshwa na Markku Alén, ilishika nafasi ya tatu mwaka 1986. Lakini Safari ilikuwa maelfu ya kilometa za vumbi, mawe na matope. Pale alihitajika mwenye injini itakayofika.

Hilo ndilo jibu la swali la kwanza. Sasa la pili.

Nikiwa kijana katika gereji moja, alikuja mwenye lori la dizeli lenye tabo. Lilikuwa likishusha vitunguu na mahindi kutoka Mbulu na kupandisha saruji kwa mlima wa Dareda. Alilalamika kwamba linapanda kama mgonjwa. Nilifungua skrubu ya pampu ya dizeli, nikaongeza mafuta mzunguko mmoja, kisha nikaongeza nusu. Sikuwa na geji yoyote. Lori lilitoka likiruka, mwenye mali akanipa bakshishi, na mimi nikajiona fundi.

Wiki chache baadaye, likiwa limebeba kupita kiasi, injini ilikufa katikati ya mlima ule. Pistoni mbili zilikuwa zimeyeyuka. Breki zilikuwa zimechoka, na lori likaanza kurudi nyuma. Utingo aliruka na kigingi, akakitia nyuma ya tairi. Lori lilisimama, lakini lilikuwa limekwisha kupita juu ya mguu wake. Mpaka leo anachechemea.

Lori liliporudishwa gereji, niliirudisha skrubu mahali pake kabla mtu hajaitazama. Nikasema injini ilikuwa kuukuu. Wote waliniamini.

Mwaka jana nilimwendea yule utingo, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Kaka, mimi miaka yote nilidhani nilichelewa kuweka kigingi.” Ndugu zangu, maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana. Nilikuwa nimemwachia aubebe mzigo wangu, juu ya ule mguu.

Kwa hiyo, wanafunzi, jibu langu ni kwamba fundi anaweza, ila kwa masharti. Kwanza, tafuta nguvu zilizopotea kabla ya kuongeza nyingine: safisha chujio la hewa, tazama mipira inayovujisha, pima nozeli. Mara nyingi ugonjwa huishia hapo. Pili, usiguse springi wala skrubu bila geji ya hewa na geji ya joto la moshi; na kumbuka kwamba huku juu tabo huzunguka mbio zaidi ili kutoa kipimo kilekile cha pwani. Tatu, kagua breki kabla ya injini. Nne, andika kwenye daftari ulichobadilisha, na umwambie dereva na utingo wake, maana ndio watakaokuwa mlimani wewe ukiwa umelala.

Na likiharibika, sema ni wewe. Mimi nilichelewa mno kusema.

Ndugu Mwenyekiti, geji mbili nilizozitaja nimekuja nazo, nami naziacha hapa shuleni wanafunzi wajifunzie.