Nyumba Yangu Haina Mlango

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu, Siku ya Wakimbizi Duniani, kambi ya Nyarugusu



Kitendawili! Nyumba yangu haina mlango.

Tumesikia wengi mkijibu, "Yai." Ndivyo tulivyofundishwa na bibi zetu. Lakini watoto wa darasa la tatu wana jibu lao: "Nyumba ya jirani, mlango wameuchoma kupikia maharagwe!" Darasa zima hucheka, na sisi pia, maana shida ya kuni tunaijua wote.

Tena, kwa desturi, anayeshindwa kutegua humpa mtegaji mji. Sisi tulitoa Uvira, Bukavu, Kalemie. Mtegaji husema amefika huko, amepokewa vizuri, amekula akashiba, ndipo ataje jibu. Watoto waliozaliwa hapa husema, "Chukua kituo cha mgao!" Naye mtegaji hujibu: "Nimefika, nimepanga foleni tangu alfajiri, zamu yangu ilipofika wakafunga dirisha."

Ndugu zetu, huo si utovu wa adabu. Kitendawili kizuri huzaa watoto. Ila mzaha huo huchekesha kwa sababu msikilizaji alikuwa anangojea yai. Asiyelijua yai hana cha kuchekea.

Hapo ndipo penye neno letu la leo. Muhula uliopita tuliuliza kitendawili hicho katika jaribio. Mtoto mmoja akaandika habari ya mlango na maharagwe. Tukampa sifuri, tukidhani anatutania. Tulipomwita akalia: hakuwahi kusikia jibu jingine. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996, na wapo wazazi waliozaliwa humu humu. Kosa halikuwa lake. Sisi tulicheka naye, tukasahau kumfundisha.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wazee, njoni shuleni muwategee watoto vitendawili vya asili. Sisi tutaviandika daftarini, pamoja na majibu mapya. Wageni wetu, mkisikia mzaha wa mgao msikasirike. Sikilizeni, una neno ndani yake.

Yule mtoto tumemrudishia alama yake. Sasa hutoa majibu yote mawili, la bibi likitangulia.