Mwani, Ngeli na Undugu: Somo Kutoka Maziwa ya Momella



Mwaka 2004 heroe wadogo, ndege ambao wengi huwaita flamingo, walikufa kwa wingi katika Ziwa Manyara na Momella Kubwa, ziwa la magadi lililoko chini ya Mlima Meru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulitaja sumu ya viumbe wadogo wa majini kuwa sababu inayowezekana. Kwa mazoea, viumbe hao wangeitwa "mwani wa buluu-kijani". Hoja yangu ni kwamba jina hilo linapotosha, na sarufi yetu inatusaidia kuona sababu.

Mwaka 1836 William Henry Harvey aliugawa mwani kwa kuzingatia rangi: mwekundu, wa kahawia na wa kijani. Kigezo hicho kilifaa, kwani rangi hutokana na kemikali zinazonasa mwanga. Hata hivyo, jicho hudanganyika. Mwani unaolimwa Zanzibar tangu mwaka 1989 mara nyingi huonekana wa kahawia au wa kijani, ilhali kibiolojia ni mwani mwekundu.

Mwanaisimu anaijua hali hii. "Kiti" na "kiongozi" yana kiambishi kimoja, lakini husema: kiti kimeletwa, kiongozi ameletwa. Umbo huyakutanisha, upatanisho huyatenga. Biolojia nayo, kwa kuchunguza seli na jeni, hutafuta upatanisho ulio nyuma ya umbo. Imebainika kwamba mwani wa kijani una undugu wa karibu zaidi na migomba ya miteremko ya Meru kuliko na mwani wa kahawia. Na wale wa Momella, ambao seli zao hazina kiini, ni bakteria.

Basi "mwani" si jina la ukoo mmoja. Tusilitupe, maana mkulima wa Paje analihitaji. Lakini katika vitabu vya sayansi tuseme "sianobakteria", kisha tutaje na jenasi. Arthrospira, chakula kikuu cha heroe wadogo, ni sianobakteria. Na miongoni mwa sianobakteria wamo pia watoao sumu. Istilahi inayoishia kwenye rangi ya maji haiwezi kumwonya mhifadhi. Wajibu wa kuunda istilahi inayoweza kumwonya ni wetu sisi wanaisimu, tukishirikiana na wanabiolojia.