Plamedi, mpango wa ajabu wa Mungu
Somo: Kutoka 2:1-10



Hapa Kolwezi, ukiita "Plamedi!" barabarani, huenda wageuke wawili. Jina hili haliko katika Biblia, wala mababu hawakulijua. Limeundwa kwa mianzo ya maneno matatu ya Kifaransa: Plan Merveilleux de Dieu, yaani mpango wa ajabu wa Mungu.

Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo. Akina Marie na Jeanne wakabaki na majina ya ukoo kwenye karatasi. Mlango ulipofunguka tena mwaka 1990, wazazi wengi hawakutosheka na majina ya watakatifu. Walichukua maombi yao na shukrani zao, wakawapa binti zao: Exaucée, yaani ombi lililojibiwa, Merveille, Plamedi.

Sisi wachungaji tuliwainua watoto hao mbele ya kanisa, tukasema Amina. Kisha siku moja tukapita mtoni, tukamkuta msichana amesimama majini, anaosha mawe ya madini. Ndugu yake mvulana alikuwa masomoni. Tukamuuliza jina.

"Ni Plamedi, baba pasta."

Ni sisi tuliomwinua akiwa mchanga. Tuliona haya.

Sasa mtazameni binti Farao. Alimwita mtoto Musa kwa sababu alimtoa majini. Lakini someni mstari wa 9: kabla ya kumpa jina, aliahidi kumlipa mama atakayemnyonyesha. Aliyetoa jina alitoa pia mshahara. Mpango wa Mungu ulipitia kikapu cha mama, macho ya dada na mfuko wa binti mfalme.

Tusimwambie Mungu, "Mpango ni wako," huku beseni tumemtwika mtoto. Shule za msingi za serikali hazidai karo tangu 2019, lakini daftari na viatu vingali vinanunuliwa. Mkikosa, njoni kanisani bila aibu. Tuliosema Amina tuna deni. Na kila mtoto tuliyemwinua, akifika miaka sita, tutauliza: yuko kilasi gani?

Baba, mama, jioni hii mwite binti yako kwa jina lake lote. Kisha ujiulize: kesho asubuhi atashika kalamu au beseni?

Tulimpa jina. Sasa tumtoe majini. Amina.