Petroli Ardhini na Maji ya Visima Vyetu

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa Serikali, Konde, Pemba)



Maji tunywayo Pemba aghalabu hutoka chini ya ardhi, na matangi ya petroli huzikwa katika ardhi hiyo hiyo. Chuma kikishika kutu huvuja taratibu, wala hapana asikiaye. Petroli hupenya udongo hata ikafikia maji. Huelea juu yake, lakini sehemu yake, hasa kemikali ya benzini, huyeyuka na kusafiri pamoja nayo.

Benzini husababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Pua, kwa benzini peke yake, huanza kuinusa ifikapo kiasi cha miligramu 10, yaani mara 1,000 ya kikomo hicho. Basi anayesema kisima chake ni salama kwa kuwa hakinuki, anasema asilolijua. Mji wa Santa Monica, Marekani, ulilazimika mwaka 1996 kufunga visima vilivyoupatia karibu nusu ya maji yake, kwa kemikali iliyotiwa katika petroli.

Uchunguzi huanza kwa kijiti cha kupimia tangi. Mafuta yaliyokuwamo, yaliyoingia na yaliyouzwa sharti yalingane. Upungufu ukirudiarudia, tangi au bomba lishukiwe. Kisha udongo uchimbwe kando ya tangi na penye maungio ya mabomba.

Maji nayo yanakwenda upande gani? Hayafuati sikuzote mteremko wa barabara. Hupimwa katika visima visivyopungua vitatu, visivyo katika mstari mmoja, na midomo yake ilinganishwe kwa mpira wa maji, ule wautumiao waashi. Kwenye maweni, ambako maji hupita katika nyufa, vitatu huenda visitoshe.

Sampuli itiwe katika chupa ya kioo, ijae pomoni, iwekwe katika barafu. Chupa iliyojaa nusu huiachia benzini iruke, na maabara itatujibu kwamba maji ni safi!

Ndugu Walimu, naomba muanze na daftari: kila kisima, kina cha maji yake wakati wa kiangazi na baada ya masika, na umbali wake kutoka kila tangi, hata yale yaliyoachwa. Wataalamu wa maji na mazingira wakija na vyombo vyao, wakute limekwisha jazwa.