Foklifti ya Dizeli au ya Umeme?

Ndugu wanachama wa Bomang'ombe,

Tunataka foklifti, yaani gari la kunyanyulia magunia ghalani. Je, tununue ya dizeli au ya umeme?

Ya dizeli hujazwa mafuta upesi, nayo inafaa uwanjani. Lakini ndani ya ghala moshi wake haupati pa kutokea. Moshi huo una hewa ya sumu isiyoonekana, nayo huua. Tena kahawa huvuta harufu. Ikinuka moshi kabla ya kufika Moshi kukobolewa, bei itashuka.

Ya umeme haina moshi. Ila ni ghali, na betri huchajiwa saa nyingi. Basi tuichaji usiku, madirisha wazi, mbali na moto.

Sisi wabeba magunia tunasema: ghalani, tununue ya umeme. Tusitazame bei tu, ndugu. Tutazame na afya zetu.