Matumizi ya Lundo la Vibanzi vya Miti



Apitaye Mufindi, kandokando ya msitu wa Sao Hill, huona malundo ya vibanzi na unga wa mbao nyuma ya viwanda vya kupasulia magogo. Mara nyingi malundo ya namna hiyo hutiwa moto, na mali ambayo ingelinda shamba hugeuka majivu.

Lakini mali hiyo ina masharti yake. Mkulima aliyefukia vibanzi vibichi katika shamba la mahindi huona mimea ikigeuka manjano, kisha husema vibanzi ni sumu. Sivyo. Vijidudu vinavyoozesha mti huhitaji naitrojeni, na kwa kuwa mti una kidogo mno, huichukua katika udongo na kuunyima mmea. Vikitandazwa juu ya udongo tu, bila kufukiwa, madhara hayo huwa madogo. Navyo huhifadhi unyevu, huzuia magugu na kupunguza mmomonyoko.

Basi kazi ya kwanza ni matandazo ya kahawa na miti ya matunda. Unene wa sentimita 10 watosha, na shina liachwe wazi kwa upana wa kiganja lisije likaoza. Katibu na apige hesabu kabla ya kugawa: mita moja ya mraba huhitaji madebe 5, na mita moja ya ujazo ni madebe 50, yaani mikahawa 10 ikiwa kila mmoja utatandaziwa mita moja ya mraba. Lundo huonekana kubwa mpaka ligawanywe. Penye mchwa, matandazo yakae mbali na kuta za nyumba.

Kazi ya pili yawafaa zaidi wafugaji wa kuku. Vibanzi vidogo vilivyokauka vyema hutandikwa bandani (vyenye ukungu vikataliwe, maana huwaletea kuku maradhi ya mapafu). Kinyesi cha kuku kina naitrojeni ile ile iliyopungua katika mti. Matandiko hayo yakitolewa, yakalowanishwa, yakarundikwa na kugeuzwa mara kwa mara hata yakaoza kabisa, huwa mboji iwezayo kuchanganywa na udongo pasipo hofu.

Chama kisipokee vibanzi vya nguzo zilizotiwa dawa, kwani huweza kuwamo arseniki. Wala lundo lisirundikwe juu sana: vibanzi vibichi hupata joto ndani hata kuweza kuwaka vyenyewe.

Mapatano na mwenye kiwanda yafanywe mapema, kabla lundo halijatiwa moto, na mgao uandikwe daftarini kwa jina la kila mwanachama.